Maji ya dripu kwa mgonjwa mahututi: unachagua yapi, unampa kiasi gani, unasimama lini

Mgonjwa yuko ICU, presha 78 kwa 40, miguu ya baridi mpaka magotini, mkojo kwenye mfuko haujaongezeka tangu asubuhi, na kila aliyepo pale anasema mpe maji. Sawa, apewe, lakini maji gani, mangapi, kwa spidi gani, na utajuaje yametosha? Tunabishana sana kwenye hilo swali la kwanza, salaini (maji ya chumvi) au Ringer, na kwa mtazamo wangu hilo lina uzito mdogo kuliko hayo matatu mengine, japo lina uzito wake na nitalieleza kwa kirefu. Kinachomuumiza mgonjwa zaidi ni kiasi, na kuchelewa kusimama. Dripu ni dawa kama dawa zingine, ina dozi, ina madhara, ina watu wasiotakiwa kupewa na ina siku ya kuacha, ila kwa kuwa inaning'inia kila kitanda watu wanaiandika tu, lita moja kila masaa manane, kesho inaendelea, keshokutwa inaendelea, na hamna aliyeuliza kwa nini.

Naongea hasa kuhusu watu wazima, na naongea na wenzangu manesi na madaktari mnaoshika zamu. Muongozo wa hapo ulipo na mkubwa wako wa zamu wanabaki juu ya hiki nilichoandika.

Kwanza jua amepungukiwa nini

Kabla hujagusa chupa jiulize huyu mtu presha yake imeshuka kwa sababu gani. Kuna aliyepoteza damu, kuna aliyeharisha na kutapika mpaka amekauka, hao mishipa yao haina kitu ndani na maji au damu ndo tiba yenyewe. Kuna wa sepsisi, yani maambukizi yaliyouvuruga mwili mzima, mishipa imelegea na kapilari, ile mishipa midogo kabisa, zinavuja, huyu maji yanamsaidia kiasi, halafu yanaanza kuvujia kwenye mapafu na kwenye nyama. Kuna ambaye moyo ndo umechoka kusukuma, huyu ukimwagia lita mbili unamzamisha. Na kuna ambaye damu imezuiwa njiani, bonge la damu limekwama kwenye mapafu, au maji yamejaa kuzunguka moyo, au hewa imejaa kifuani ikabana kila kitu, huyu dripu inakusogezea dakika chache tu wakati unaondoa kizuizi chenyewe.

Kama kuna mashine ya ultrasaundi karibu, dakika mbili za kuangalia moyo zitakusaidia kuliko nusu saa ya kubishana. Huhitaji kuwa bingwa wa moyo, angalia tu: unasukuma vizuri au umelegea, upande wa kulia umevimba kuliko kushoto au hapana, kuna maji yameuzunguka au hamna. Kama mashine hamna, shika miguu, angalia mishipa ya shingo, sikiliza mapafu, na uliza historia vizuri kwa ndugu waliomleta.

Chupani kuna nini

Salaini ya asilimia 0.9 ina sodiamu milimoli 154 na kloraidi milimoli 154 kwa lita, basi, hamna kingine. Damu yako wewe mzima ina sodiamu kati ya 135 na 145, na kloraidi kama 98 mpaka 106. Yani sodiamu imezidi kidogo lakini kloraidi imezidi kwa karibu 50. Lita moja ina chumvi gramu 9, wakati WHO linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, sasa mpe lita nne halafu piga hesabu mwenyewe.

Kloraidi ikijaa, bikaboneti, ile inayozima asidi kwenye damu, inashuka na damu inakuwa na asidi, na inaaminika pia kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye figo inabana. Hapa kuna mtego ambao nataka uushike vizuri sana. Umempa mgonjwa lita tatu za salaini, unapima gesi za damu, unaona pH imeshuka na bikaboneti imeshuka, unasema shoku (damu kutofika vizuri kwenye viungo) inazidi, unaongeza salaini, masaa mawili baadaye imeshuka tena. Kumbe laktati yake, ile inayopanda viungo vikikosa damu, ilishaanza kushuka vizuri tu, hiyo asidi umeitengeneza wewe kwa chupa. Kwaiyo bikaboneti ikishuka usiishie hapo, angalia laktati na kloraidi kwa pamoja, kama laktati inashuka na kloraidi iko 115 basi jibu limeshaonekana na dawa yake sio salaini nyingine.

Ringer laktati, RL, ina sodiamu 130 hivi, kloraidi 109, potasiamu 4, kalisi kidogo, na laktati 28. Ile laktati ini linaichukua na kuigeuza kuwa bikaboneti. Plasma-Lyte imekaribia damu zaidi, sodiamu 140, kloraidi 98, potasiamu 5, na badala ya laktati ina asetati na glukoneti, ila bei yake iko juu na sio kila stoo inayo. Hizi mbili na ndugu zao ndo zinaitwa maji yaliyosawazishwa.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2018 ulitoka SMART, umefanyika Vanderbilt kule Marekani, wagonjwa 15,802 wa ICU, waliopewa maji yaliyosawazishwa asilimia 14.3 walifariki au waliishia kwenye dialisisi (mashine ya kusafisha damu) au figo zilibaki mbovu, wa salaini asilimia 15.4. Tofauti ndogo, lakini ukizidisha kwa idadi ya watu wanaotundikiwa dripu duniani kila siku sio jambo la kupuuza. Halafu 2021 ikaja BaSICS ya Brazili, watu zaidi ya 10,000, na 2022 ikaja PLUS ya Australia na New Zealand, watu 5,037, zote zililinganisha Plasma-Lyte na salaini na zote hazikuona tofauti ya vifo kwa siku 90, kwenye PLUS ilikuwa asilimia 21.8 kwa 22.0. Kwaiyo mtu akikuambia salaini ni sumu anakuza mambo, na anayesema zote ni sawa tu kwa kila mgonjwa naye amerahisisha mno. Mimi naanza na RL kwa wengi, hasa wa sepsisi na wale ninaoona kabisa watahitaji lita nyingi, na kama RL imeisha stoo siwezi kumwacha mgonjwa akae bila maji eti nasubiri, namtundikia salaini na naendelea na kazi.

Wapo ambao salaini ndo chaguo. Wa kwanza ni mwenye jeraha la ubongo. RL ni nyepesi kidogo kuliko damu, maji yake yanaweza kuhamia kwenye ubongo uliovimba tayari, na hata kwenye BaSICS, ambayo ilitumia Plasma-Lyte, wale wenye jeraha la ubongo waliopewa maji yaliyosawazishwa walifariki asilimia 31.3 dhidi ya 21.1 wa salaini. Wa pili ni aliyetapika siku nyingi mpaka asidi ya tumbo imeisha, huyo kloraidi yake iko chini na bikaboneti iko juu, salaini inamrudishia kile kile alichopoteza. Na mwenye sodiamu ya chini muda mrefu, iwe salaini au RL, pima mara kwa mara isipande kwa kasi, ubongo hauvumilii.

Sasa hofu mbili ambazo nakutana nazo kila mara. Ya kwanza, huyu figo zimekufa, potasiamu yake 6, usimpe RL ina potasiamu. Fikiria taratibu: maji yenye potasiamu 4 ukiyachanganya na damu yenye 6, hayawezi kuipeleka kwenye 7, yanaivuta kushuka. Salaini ambayo haina potasiamu hata chembe inaleta asidi, na asidi inasukuma potasiamu itoke ndani ya seli ije kwenye damu. Waliopandikizwa figo walijaribiwa kwenye BEST-Fluids iliyotoka 2023, figo mpya iliyochelewa kuanza kazi ilikuwa asilimia 30 kwa waliopewa Plasma-Lyte na asilimia 40 kwa waliopewa salaini. Potasiamu ya juu inatibiwa kama potasiamu ya juu, kwa kalisi, insulini na glukosi, na dialisisi ikibidi, sio kwa kuikwepa RL.

Hofu ya pili, laktati yake iko juu tayari, utamwongezea laktati. Iliyoko kwenye chupa ni chumvi ya laktati, sio asidi, na kwa ini linalofanya kazi inaishia kuwa bikaboneti. Ini likiwa limekufa kabisa kweli inaweza kuchelewa kuondoka na kukuchanganya kwenye kipimo, huyo kama una maji ya asetati mpe hayo.

Kuna vitu vidogo vya mikono ambavyo vinasahaulika. RL ina kalisi, kwaiyo usipitishe pamoja na damu kwenye mpira mmoja, kalisi inaweza kuigandisha, kwa damu tumia salaini. Seftriaksoni, ile antibiotiki, pia usiichanganye na RL, vinatengeneza chembechembe, kwa mtu mzima suuza laini kwanza au tumia laini nyingine, kwa kichanga usijaribu kabisa. Dextrose ya asilimia 5 haipandishi presha ya mtu, sukari ikishatumika yanabaki maji matupu yanayosambaa mwili mzima na kwenye mishipa hayabaki karibu kitu. Na kanula, wenzangu, kanula fupi nene kwenye mkono inapitisha maji haraka kuliko laini ndefu nyembamba ya shingoni, mgonjwa anayekufa kwa kukosa damu weka mbili nene kwanza, laini ya shingo itakuja baadaye.

Koloidi

Wazo lake lilikuwa zuri, molekuli kubwa zinabaki ndani ya mshipa, utatumia kidogo upate kingi. Kwenye mwili wenye kapilari zinazovuja haikuwa hivyo. Zile za wanga, HES, zilitumika miaka mingi na baadhi ya makala zilizozisifia zilikuja kuondolewa kwenye majarida kwa udanganyifu. 2012 ukatoka utafiti wa 6S kwa wagonjwa wa sepsisi kali, waliopewa wanga asilimia 51 walifariki ndani ya siku 90, waliopewa Ringer asetati asilimia 43. Mwaka huo huo CHEST, watu 7,000, wa wanga walihitaji dialisisi zaidi, asilimia 7.0 kwa 5.8. Ulaya walizisimamisha rasmi 2022. Ukikuta chupa zake zimebaki kwenye kabati mwambie mfamasia aziondoe, mgonjwa wa sepsisi asiguswe nazo. Jelatini nayo sioni sababu ya kuitumia, faida yake haijathibitishwa na mzio upo.

Albumini, protini ya damu yenyewe, ni habari nyingine. SAFE ya 2004 ilichukua karibu watu 7,000 ikalinganisha albumini ya asilimia 4 na salaini, vifo vikawa sawa kwa siku 28, na kwa kila lita moja ya albumini wa salaini walihitaji lita 1.4 tu, sio tatu kama vitabu vya zamani vilivyotufundisha. Ila wenye jeraha la ubongo walioipata walifariki zaidi, baada ya miezi 24 ilikuwa asilimia 33.2 dhidi ya 20.4, kwaiyo kwao marufuku. Mimi albumini naiwekea akiba kwa watu wawili: wa sepsisi ambaye ameshapokea lita nyingi za RL na bado anayumba, na mwenye ini lililosinyaa akipata maambukizi ya maji ya tumboni, huyu ina faida iliyo wazi, gramu 1.5 kwa kilo siku ya kwanza na gramu 1 kwa kilo siku ya tatu, inamlinda figo.

Kiasi, hapa ndo penyewe

Muongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 unapendekeza angalau mili (mililita) 30 kwa kila kilo ndani ya masaa matatu ya mwanzo. Mtu wa kilo 60 hiyo ni mili 1,800. Lakini soma vizuri, ni pendekezo dhaifu, waandishi wenyewe wamesema ushahidi wake ni mdogo, na haina maana unafungua chupa mbili zote halafu unaenda kunywa chai.

Ushahidi uliotutikisa zaidi umetoka Afrika. FEAST, 2011, Uganda, Kenya na Tanzania, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika, hospitali zisizo na ventileta, mashine ya kupumulia. Waliopewa bolasi (fungu la maji linaloingizwa haraka) ya mili 20 mpaka 40 kwa kilo walifariki zaidi ndani ya masaa 48: asilimia 10.6 wa albumini, 10.5 wa salaini, na 7.3 wale ambao hawakupewa bolasi. Wengi tulidhani ni mapafu yamejaa maji, lakini walipochambua vifo waliona kilichoongezeka hasa ni moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Halafu Zambia, 2017, watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wenye virusi vya UKIMWI, waliofuata mpango wa maji mengi mapema walipata lita 3.5 ndani ya masaa sita na wengine lita 2, vifo vya hospitalini vikawa asilimia 48.1 kwa 33.0. Hawa hawakuwa wagonjwa wa ICU yenye kila kifaa, ndo maana nasema kama uko mahali ambapo ventileta ni moja na imeshakaliwa, kila mili 500 inataka kufikiriwa mara mbili. Kwenye hospitali zenye vifaa, CLASSIC ya 2022 na CLOVERS ya 2023 zilijaribu kubana maji na kuwahi dawa za kupandisha presha, vifo havikutofautiana, yani kubana hakukuua na kumimina hakukuokoa.

Basi fanya hivi. Toa kwa mafungu, mili 250 au 500 ndani ya dakika 10 mpaka 20, simama pale pale kitandani, halafu pima kabla hujaandika fungu lingine. Kabla ya fungu la kwanza andika namba: mapigo, presha, oksijeni, anavyopumua, na muda wa kidole. Muda wa kidole ni kipimo kisichohitaji shilingi: bonyeza ncha ya kidole cha shahada mpaka ipauke, shikilia sekunde 10, achia, hesabu mpaka rangi irudi. Ikizidi sekunde 3 damu haifiki vizuri pembeni. Usihesabu kwa haraka kwa kuwa una wasiwasi, tumia saa, na chumba kikiwa cha baridi sana au mwanga hafifu kipimo kitakudanganya. ANDROMEDA-SHOCK, 2019, watu 424, ililinganisha kufuata kidole kila nusu saa na kufuata laktati kila masaa mawili. Vifo vilikuwa asilimia 34.9 kwa 43.4, kitakwimu haikufikia kiwango, lakini wa kidole hawakufanya vibaya na walitumia maji machache. Kwa kitu ambacho nesi yeyote anaweza kukifanya usiku wa manane bila maabara mimi nakithamini sana.

Ukiwa hujui kama fungu lingine litasaidia, inua miguu kwanza. Watu wengi wanakifanya vibaya kipimo hiki kwaiyo nakieleza polepole. Mgonjwa anaanza akiwa nusu ameketi, kichwa cha kitanda kiko nyuzi 45, sio amelala chali. Pima ule mzigo wa damu unaosukumwa na moyo kwa njia uliyonayo, ultrasaundi ya moyo ndo nzuri. Halafu tumia kitanda chenyewe, kishushe upande wa kichwa na miguu ipande nyuzi 45, usimkamate miguu kwa mikono yako ukamuumiza au kumshtua, mapigo yatapanda kwa maumivu na utasoma uongo. Damu kama mili 300 kutoka miguuni na tumboni inarudi kwenye moyo, ni kama umempa bolasi ambayo unaweza kuichukua tena. Jibu linakuja haraka, ndani ya dakika moja au moja na nusu, ukisubiri dakika tano limeshapita. Mzigo ukipanda kwa asilimia 10 au zaidi, moyo wake utafaidika na maji. Usipopanda, acha maji. Mrudishe alivyokuwa na uhakikishe namba zinarudi pia. Usikifanye kwa mwenye shinikizo kichwani au aliyevunjika nyonga, na mwenye tumbo lililobana sana kinaweza kusema hapana wakati ni ndiyo.

Na moyo kuitikia maji haina maana mgonjwa anayahitaji. Wewe na mimi tukiinuliwa miguu sa hivi tutaitikia, na hakuna anayetutundikia dripu. Anahitaji pale tu ambapo damu haifiki kwenye viungo NA moyo unaitikia NA mapafu bado yana nafasi. Ile presha ya mshipa mkubwa wa shingoni, CVP, haikuambii kama ataitikia, acha kuitumia kuandika bolasi.

Kama fungu la pili au la tatu halijabadilisha kitu, anza noradrenalini, dawa ya kupandisha presha. Hii naiomba kabisa, msisubiri lita tano ziishe ndo mkumbuke dawa ya presha. Laini ya shingo ikiwa haijawekwa, anza kwenye mshipa mzuri wa mkononi, karibu na kiwiko au juu yake, kanula iliyokaa vizuri, nesi aiangalie mara kwa mara kama ngozi inavimba au kupauka, huku laini kubwa inaandaliwa. Lengo la mwanzo ni presha ya wastani ya 65.

Wagonjwa wenye mambo yao

Anayevuja damu anahitaji damu, na mkono wa kuziba panapovuja. Salaini na RL zinaipunguza nguvu damu iliyobaki, zinaipoza na zinaharibu ugandaji. Mpe kidogo tu ili asipoteze mapigo, presha ya juu ya 80 mpaka 90 inatosha mpaka panapovuja pazibwe, isipokuwa akiwa ameumia kichwa, huyo usiiache ishuke chini ya 110. Damu ikija, seli nyekundu, plazima na chembe sahani ziende kwa uwiano wa kukaribiana, au damu nzima kama ndo iliyopo. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 ndani ya dakika 10 kisha gramu 1 kwa masaa 8, mwanzo ndani ya masaa 3 tangu aumie, CRASH-2 ya 2010 ilionyesha kuwahi kunaokoa na kuchelewa zaidi ya hapo kunaweza kudhuru. Kumbuka kalisi pia, sitreti, ile inayozuia damu isigande kwenye mifuko, inaila.

Aliyeungua, hesabu inaanza saa alipoungua, sio saa alipofika kwako, na hili linakosewa mno. Mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40, kwa hesabu ya Parkland ya mili 4, ni 4 mara 70 mara 40, unapata mili 11,200 za RL kwa masaa 24, nusu yake, 5,600, ndani ya masaa 8 ya mwanzo. Amefika masaa mawili baada ya kuungua, basi hiyo nusu ina masaa 6, ni kama mili 930 kwa saa. Wengi sa hivi wanaanza na mili 2 badala ya 4 ili wasimvimbishe. Namba yoyote utakayoanza nayo ni ya kuanzia tu, baada ya hapo mkojo ndo unaongoza, mili 0.5 kwa kilo kwa saa, yani 35 kwa huyu. Ukizidi sana punguza dripu, ukipungua ongeza, kila saa.

Kongosho lililovimba zamani tulilimwagia maji bila huruma. WATERFALL ya 2022 ilisimamishwa mapema kwa sababu waliomwagiwa walijaa maji asilimia 20.5 na wa kiasi 6.3, bila faida yoyote. Mili 10 kwa kilo kama amekauka, halafu mili 1.5 kwa kilo kwa saa ya RL, na umpitie upya kila baada ya masaa machache.

Wa sukari iliyopanda na ketoni, lita ya kwanza kwa saa moja au zaidi kidogo, RL inafaa na haimletei ile asidi ya kloraidi ambayo baadaye inakufanya udhani ketoni hazijaisha. Potasiamu ikiwa chini ya 3.5 irudishe kwanza ndo uanze insulini.

Kusimama, na kuyatoa

Baada ya siku ya kwanza au mbili mgonjwa wa shoku mara nyingi ametulia, dozi ya dawa ya kupandisha presha inashuka, laktati imerudi kawaida. Hapo bolasi zimekwisha kazi. Lakini angalia karatasi yake ya maji utashangaa, hamna aliyeandika bolasi na bado ameongezeka lita mbili, zimetoka wapi? Antibiotiki iliyochanganywa kwenye mili 100 mara tatu, parasetamoli ya mshipa mili 100 mara nne, dawa ya usingizi inayotembea masaa 24, suuza ya laini, na ile dripu ya kila masaa manane ambayo iliandikwa siku ya kwanza. Hapo ndo wagonjwa wanavimba kimya kimya. Zungumza na mfamasia dawa zichanganywe kwa kiasi kidogo kinachoruhusiwa, peleka dawa na chakula kwenye mpira wa tumbo mara tumbo linapokubali, na ifute dripu ya akiba kwa maandishi, usiiache ijiendee.

Akishavimba, uzito umepanda kwa asilimia 10 ya alivyoingia nao, ventileta haishuki, vidonda haviponi, basi ni zamu ya kuyatoa. Anza na furosemaidi, dawa ya kukojoza, angalia mkojo wa masaa mawili ya mwanzo, kama hautoki ongeza dozi badala ya kurudia ile ile, na figo zikikataa kabisa ongea na watu wa dialisisi mapema. Pima potasiamu na magnesi kila siku. Lenga apungue nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, taratibu. Na ikitokea presha inayumba wakati unayatoa, punguza spidi ya kutoa na uinue miguu yake uone moyo unasemaje, kabla mtu hajamtundikia lita nyingine.